Kamba za Boriti ya Tanga: Kuchagua, Kupima na Kufunga kwenye Boti Ndogo ya Ziwa Nyasa

Nilipinduka mita mia mbili tu kutoka ufukwe wa Matema, Julai moja, mchana mweupe, watu wakiangalia. Tanga halikuwa kubwa kupita kiasi, na upepo nilishauona ukija juu ya maji. Kilichoniangusha ni kamba nene kama kidole gumba niliyoinunua Mwanjelwa, sokoni Mbeya, kwenye duka la vifaa vya malori, nikaifunga chini ya boriti ya tanga (ule mti wa ulalo unaonyoosha ukingo wa chini wa tanga) nikiamini kuwa kamba nene ndiyo salama. Boti ililala ubavu, ncha ya boriti ikagusa wimbi. Nikalegeza demani, kamba ya kuongozea boriti, boriti ikakataa kwenda nje kwa sababu maji yalikuwa yameishika. Nikakimbilia ile kamba ya chini ili boriti ipande, nayo ilikuwa imeloa, imejaa, imekwama ndani ya kapi. Baada ya hapo nikawa naogelea.

Mzee mvuvi aliyekuja kunivuta kwa mtumbwi wake aliishika ile kamba, akaipima kwa vidole, akaniuliza: "Mwanangu, hii ni ya kufungia ng'ombe?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila kamba ninayoiweka kwenye boriti naijaribu kwanza kwa kuiachia, na kuivuta baadaye. Mwongozo huu umejengwa juu ya mpangilio huo.

Sababu ya kuwa mkali hivyo ni ziwa lenyewe. Nyasa limelala kaskazini hadi kusini kwa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Mwera, upepo wa kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu zaidi kati ya Mei na Agosti, unapata nafasi ndefu ya kukuza mawimbi kabla hayajafika Kyela, wilaya ilipo Matema. Juu yako kuna Milima ya Livingstone, imesimama kama ukuta kando ya maji, na upepo unaoshuka au kupinda kwenye milima hauji kwa adabu. Unakuja kwa mapigo. Kwenye maji ya namna hii huna dakika ya kupigana na fundo.

Majina tutakayotumia

Boti ninayoizungumzia ina urefu wa mita nne hivi, mlingoti mmoja, na tanga la mita za mraba sita hadi nane lililonyooshwa chini na boriti ya urefu wa mita 2.7 hivi. Vipimo hivyo viko karibu na vya Laser, boti ndogo ya mashindano aliyoichora mbunifu Bruce Kirby na ambayo imesambaa dunia nzima. Ile ina urefu wa mita 4.2 na tanga la mita za mraba 7.06. Kama boti yako ni ya mbao uliyochongewa, hesabu ni zilezile.

(Msomaji wa Njombe au Mafinga asicheke. Najua huko kwenu mlingoti ni mti wa nguzo za umeme. Huku chini ziwani mlingoti ni huu wa tanga, ingawa kwa kweli wa kwangu ulitokana na ule.)

Boriti hubeba kazi nne. Demani ndiyo kamba unayoishika muda wote, inayoingiza na kutoa boriti. Kamba ya pembe huvuta pembe ya nyuma ya tanga kuelekea ncha ya boriti. Mkandamizo hutoka shina la mlingoti hadi chini ya boriti na kuizuia isipande. Ya nne ni kamba ya kupunguza tanga upepo ukizidi. Jarari, inayopandisha tanga, ni ya mlingoti na haihusiki hapa isipokuwa tutakapofika kwenye kupunguza.

Sokoni: kuitambua kamba bila lebo

Kamba nyingi utakazozikuta Mbeya, iwe Mwanjelwa au kwenye maduka ya barabara kuu kuelekea Uyole, zimeletwa kwa ajili ya maturubai na mizigo. Hakuna ubaya, ila ujue unachonunua. Muombe muuzaji kipande cha shubiri moja na ndoo ya maji.

Ikielea ni polipropilini, zile za bluu, njano au kijani. Ni nyepesi na rahisi, lakini jua huila; baada ya miezi kadhaa inaanza kutoa unga na kuchoma viganja. Nzuri kwa kuvutia boti nyuma ya gari, mbaya kwa boriti.

Ikizama ni nailoni au poliyesta, na hapa ndipo watu hukosea. Kwa macho zinafanana. Funga mita tano kwenye tawi au nondo, weka alama mbili za kalamu, kisha tundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, yaani kilo 20 na uzito wa ndoo. Poliyesta itarefuka kidogo sana. Nailoni, hasa ile nyembamba, itarefuka ukiiona, na ukitikisa ndoo itarukaruka. Uvutikaji huo ni baraka kwenye kamba ya nanga kwa sababu unameza mshtuko. Kwenye boriti ni hasara: unakaza tanga, pigo la upepo linakuja, kamba inarefuka, tanga linatuna wakati ambao ulitaka liwe bapa. Nailoni pia hupungua nguvu ikiloa.

Chagua poliyesta iliyosukwa, yenye ganda na moyo. Ile ya nyuzi tatu zilizopindwa inafanya kazi lakini hujipindapinda ikipita kwenye kapi nyingi.

Dyneema, kamba ya nyuzi za plastiki za kisasa, ni ngumu ajabu kwa unene wake na karibu haivutiki kabisa. Mbeya sijaizoea madukani. Mimi huagiza Dar es Salaam, na huagiza kidogo, mita chache tu, kwa sababu kuna sehemu mbili tu za boriti zinazoihitaji kweli. Inateleza, na fundo la kawaida linaweza kujifungua lenyewe, kwa hiyo acha mkia mrefu wa fundo, sentimita 10 au zaidi, na uzungushe mara moja ya ziada.

Unene sasa. Demani iwe milimita 8. Nguvu ya milimita 8 imezidi mahitaji, lakini kiganja chako ndicho kinachohitaji unene huo. Milimita 6 itakukata ukiishika saa nzima. Mkandamizo, kamba ya pembe na ya kupunguza ziwe milimita 5, kwa vipande vya Dyneema milimita 4. Ukipanda zaidi ya hapo msuguano unaongezeka na kamba haiachii. Roda, yaani kigurudumu cha ndani ya kapi, iwe na kipenyo cha walau mara sita ya unene wa kamba, mara nane ni bora zaidi: kamba ya milimita 5 inataka roda ya milimita 30 hadi 40.

Kapi za chuma za kisimani usiziguse. Ni nzito, zina kutu, na zikikupiga kichwani utakumbuka. Ukikosa kapi za boti, pete laini ya chuma kisichoshika kutu iliyong'arishwa inafanya kazi ya kapi kwa safari fupi za kamba, au mwombe seremala akuchongee roda za mti mgumu kama wanavyofanya mafundi wa majahazi pwani.

Mkandamizo, ulioniangusha

Nitakaa hapa zaidi kwa sababu ndipo nguvu kubwa ilipo, na watu wengi hawaamini hadi wapige hesabu.

Tuseme upepo unainua ncha ya boriti kwa nguvu ya kilo 20. Boriti ina mita 2.7, na mkandamizo umefungwa sentimita 60 kutoka mlingotini. Ni mtaimbo: 20 mara 2.7 gawanya kwa 0.6, unapata kilo 90 za kuvuta wima. Lakini kamba haivuti wima, inavuta kwa mshazari wa nyuzi 45, kwa hiyo gawanya tena kwa 0.7. Umefika karibu kilo 130. Hakuna mtu anayeshusha kilo 130 kwa mkono mmoja akiwa amekaa ukingoni mwa boti.

Utingo wa lori analijua jibu. Angalia anavyofunga turubai: anatengeneza kitanzi katikati ya kamba, anapitisha mkia kwenye ndoano ya bodi, anarudisha kwenye kitanzi, anavuta chini. Kamba imejizidishia nguvu, kwa hesabu ya karatasi mara tatu, ingawa kamba kusugua kamba hula sehemu kubwa. Sisi tunafanya hivyohivyo kwa kapi ili tusipoteze kwa msuguano.

Hatua zangu ni hizi.

1. Tafuta mahali pa kufunga kwenye boriti. Kutoka mlingotini, pima umbali ulio sawa na kimo cha boriti kutoka shina la mlingoti. Ukiwa na kimo cha sentimita 60, nenda sentimita 60 nyuma. Hapo utapata nyuzi 45.

2. Boriti ya mbao usiitoboe mahali hapo. Ndipo inapopinda zaidi, na tundu ni mwanzo wa ufa. Izungushie kitanzi cha Dyneema au ukanda imara mara mbili, na ubandike kijiti kidogo mbele yake kuzuia kitanzi kisiteleze. Boriti ya alumini inaweza kuchukua skrubu zinazopita upande hadi upande. Ribiti mbili ndogo hazitoshi.

3. Tundika kapi moja kwenye kitanzi hicho. Chukua Dyneema ya milimita 4, funga ncha moja kwenye shina la mlingoti, ipandishe, ipitishe kwenye kapi, irudishe chini. Mwishoni iwe na jicho, yaani kitanzi kidogo cha kudumu. Kwa vipimo vyetu, urefu wa sentimita 110 kati ya fundo na fundo unatosha. Kata sentimita 160 kwa ajili ya mafundo.

4. Kati ya jicho hilo na shina la mlingoti weka kapi mbili zenye roda mbilimbili, na upitishe poliyesta ya milimita 5 mara nne. Seti ya juu, ile ya Dyneema, inazidisha nguvu mara mbili, ya chini mara nne: kwa pamoja mara nane. Zile kilo 130 zimekuwa 16 kwenye karatasi, na ukiongeza msuguano wa kila roda, weka ishirini na kitu. Hizo mtu anazivuta.

5. Pima safari. Kufupisha mkandamizo sentimita 20 hufupisha seti ya chini sentimita 40, na mkia unatoka mita 1.6. Hakikisha kapi mbili za chini hazigusani kabla tanga halijakaa. Zikigusana, fupisha Dyneema. Kwa seti ya chini kata mita 4.5, utapunguza baadaye.

6. Kibano chenye meno, kinachoishika kamba isirudi, kikae kwenye kapi ya chini, kimeelekezwa ili mkia ukivutwa juu kidogo kamba itoke kwenye meno. Kaa ndani ya boti, mahali utakapokaa kweli, pande zote mbili, ujaribu. Ikiwa lazima uiname mbele, kigeuze.

7. Fundo lenye umbo la nane mwishoni mwa mkia liwekwe mbali kiasi kwamba boriti inaweza kupanda hadi tanga lijimwage kabisa. Hapa ndipo lilipokuwa kosa langu la pili: niliweka fundo karibu ili kamba "isipotee".

Jaribio la nchi kavu: mwambie mtu mzima anyanyue ncha ya boriti kwa mikono miwili kwa nguvu zake, mkandamizo ukiwa umekazwa. Wewe uachie kwa mkono mmoja. Boriti ikiruka juu papo hapo, umefaulu. Ikisita, tafuta inaposugua. Rudia kamba ikiwa imeloa. Kamba kavu hudanganya.

Kamba ya pembe

Kazi yake ni kuamua tanga litakuwa na tumbo kiasi gani. Ikilegea, ukingo wa chini unatuna na tanga linavuta vizuri upepo ukiwa nyuma. Ikikazwa, tanga linakuwa bapa, linafaa kupiga bisho, yaani kwenda kuelekea upepo unakotoka, kwenye upepo mkali. Mimi hupima kwa shubiri kati ya boriti na kitambaa, katikati ya boriti: shubiri nzima nikienda na upepo, nusu shubiri kupiga bisho upepo wa wastani, upana wa vidole viwili mwera ukichachamaa.

Kabla ya kuvuta nyuma, pembe lazima ifungwe chini. Zungusha kitanzi cha milimita 4 kwenye pembe na boriti, mara mbili, kilegee kiasi cha kuteleza lakini kisiruhusu pembe kupanda zaidi ya sentimita mbili. Wanaosahau kitanzi hiki hulazimisha kamba ya pembe kubeba kazi mbili, halafu wanalalamika kuwa haikazi. Paka boriti nta ya mshumaa hapo.

Funga Dyneema kwenye ncha ya boriti, ipitishe kwenye pete ya pembe ya tanga, irudishe kwenye kapi ya ncha ya boriti, kisha iende mbele kando ya boriti kama mita 1.7. Hiyo ni mara mbili. Mwisho wake funga kapi ndogo. Poliyesta ya milimita 5 inaanzia karibu na mlingoti, inapita kwenye kapi hiyo, inarudi kwenye kibano: mara mbili nyingine, jumla nne. Kata mita 3 za kila moja. Pembe ikisogea sentimita 15, kapi ndogo itasogea 30, kwa hiyo iachie sentimita 40 za nafasi huru kwenye boriti.

Kukaza ni rahisi, kulegeza ndiyo shida: unaachia, na pembe haiendi popote kwa sababu upepo mwepesi hauna nguvu ya kuivuta mbele. Dawa ipo kwa bodaboda yeyote. Kata utepe wa mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo, funga kutoka pembe ya tanga hadi katikati ya boriti ukiwa umevutika kidogo. Sasa ukiachia, pembe inarudi yenyewe. Mpira huu huchakaa kwa jua, ubadilishe kila msimu. Ni wa bei ya soda.

Kamba ya kupunguza tanga

Boti nyingi ndogo hazina, na wenyewe hujivuna kwa hilo. Kama tanga lako lina matundu ya kupunguza, fuata hivi. Kama halina, mshonaji wa maturubai mwenye cherehani nzito anaweza kuongeza vipande vya kuimarisha na pete mbili, moja ukingo wa mbele na moja ukingo wa nyuma kwa kimo kinacholingana. Ya nyuma iwe juu kidogo, ili boriti isishuke kichwani kwako.

Kamba moja ya milimita 5: fundo linazunguka boriti, kidogo nyuma ya pale pete ya nyuma itakapotua. Linapaswa kuvuta chini na nyuma kwa pamoja. Likiwa mbele ya pete, tanga litajikunja kama gunia. Panda hadi kwenye pete, pita, shuka kwenye kapi upande wa pili wa boriti, nenda mbele hadi kwenye kibano. Urefu wake: kimo cha pete mara mbili, ongeza umbali wa kwenda mbele, ongeza sentimita 80. Kwa pete ya kimo cha mita 1 ni mita 5.

Mpangilio wa kupunguza ukiwa majini usiubadilishe. Legeza demani. Achia mkandamizo kabisa. Shusha jarari hadi pete ya mbele ifike kwenye ndoano ya mlingotini, itie, kaza jarari. Vuta kamba ya kupunguza hadi pete ya nyuma iguse boriti. Rudisha mkandamizo, kisha demani. Anayesahau kuachia mkandamizo huvuta kamba ya kupunguza hadi mishipa imtoke shingoni, kwa sababu anashindana na zile kilo 130. Vikamba vya katikati vya kukusanyia kitambaa vifungwe kwa kulegea, na wakati wa kurudisha tanga zima vifunguliwe kwanza kabisa. Vikibeba uzito, kitambaa kinachanika tunduni.

Demani

Hapa ni kifupi. Mara tatu inatosha kwa tanga la ukubwa huu, na mita 12 hadi 13 za milimita 8. Usiongeze kapi kwa kutafuta wepesi: kila roda ya ziada ni kamba nyingi zaidi ya kutoka wakati wa dharura, na utakuwa umeikanyaga. Fundo la nane mwishoni liwepo, lakini boriti iweze kufika pembe mraba na boti kabla fundo halijagusa kapi. Na demani ya tanga usiifunge kwenye kibano siku za mwera. Ishike.

Miisho, mchanga na masika

Ncha za poliyesta ziyeyushe kwa kiberiti kisha uzisokote kwa uzi wa fundi viatu uliopakwa nta, mizunguko kumi na tano. Dyneema haiyeyuki vizuri, iache uzi peke yake ufanye kazi.

Maji ya Nyasa hayana chumvi, kwa hiyo skrubu za chuma kwenye alumini hudumu kuliko pwani. Adui wetu ni mchanga wa Matema, unaoingia kwenye kapi kila unapolaza boti ufukweni. Suuza kapi kwa maji safi na usizitie grisi, maana grisi hukusanya mchanga ukawa msasa. Kyela hunyesha mvua nyingi. Masika yakianza vua kamba zote, zifue kwa sabuni laini, zianike kivulini. Ukizirudisha Mei, geuza kila kamba kichwa chini, ili sehemu iliyokuwa ikisagwa na kibano msimu uliopita iwe mkiani, na uitishe tena yule mtu wa kunyanyua boriti.